Sumaku Mfukoni mwa Fundi

Kitasa hakifi siku moja. Huanza kwa ufunguo kutaka kubembelezwa: uuvute nyuma kidogo, uunyanyue, ndipo uzunguke. Baadaye mlango nao unataka kusukumwa kwa bega huku ufunguo ukigeuzwa. Wenye nyumba huzoea. Mgeni ndiye anayekwama ndani akaomba msaada. Fundi wa vitasa akiitwa kwenye nyumba ya namna hiyo, ninasema fundi wa kweli, hafungui begi la zana kwanza. Hufungua mlango.

Ninayemzungumzia anafanya kazi zake Kigamboni, ng'ambo ya kivuko cha Magogoni, ambako upepo wa bahari unabeba chumvi mpaka ndani ya tundu la ufunguo. Nilimtazama akibadilisha kitasa cha mlango wa mbele kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu. Mlango ni wa mninga mtupu, mzito, umepigwa vanishi mara nyingi mpaka mistari ya mbao imezama. Nje yake kuna geti la chuma, kama nyumba nyingi za mjini, na ndiyo maana watu wengi hukidharau kitasa cha mlango wa mbao. Wanasema geti lipo. Fundi huyu haongei hivyo.

Alitoa ulimi wa kitasa nje mlango ukiwa wazi, akazungusha ufunguo kwenda na kurudi. Ulizunguka kwa shida, lakini ulizunguka. Akafunga mlango, akajaribu tena: ukagoma kabisa. Akainama, akachungulia mwanga kati ya mlango na fremu, juu mpaka chini. Juu nafasi ilikuwa pana, chini upande wa kitasa mlango ulikuwa unakaribia kusugua sakafu. Kwa muda mfupi tu alikuwa ameshajua kwamba kuna magonjwa mawili. Kitasa kimechakaa, hilo halikuwa na ubishi, lakini bawaba ya juu nayo imelegea, mlango umeshuka, na ulimi unagonga ukingo wa kibati cha fremu badala ya kuingia kwenye tundu lake.

"Mwalimu, kitasa kipya nitakuwekea," alisema, "ila tukianza na kitasa, mwakani utaniita tena. Tuanze na bawaba."

Kazi ya bawaba aliimaliza upesi, nami nitaipita upesi. Aliinua mlango kwa kabari ya mbao, akatoa skrubu zilizokuwa zinazunguka bila kushika, akachonga vijiti vya mninga, akavipaka gundi, akavigongea kwenye matundu yale yaliyopanuka, akavikata sawasawa na mbao, kisha akatia skrubu ndefu zaidi. Mlango ukarudi mahali pake. Ufunguo wa zamani, kwenye kitasa kilekile cha zamani, sasa ulifunga. Fundi mwingine angeweza kukomea hapo, akapokea hela yake na kuondoka akisifiwa.

Kutoa kitasa kunaonekana ni kufungua skrubu nne tano tu, na ndipo wengi wanapoharibu. Skrubu zilikuwa zimezibwa na vanishi. Alichukua ncha ya wembe wa msumeno wa chuma uliovunjika, akasafisha mfereji wa kila skrubu mpaka chini, ndipo akaweka bisibisi, akaisukuma kwa uzito wa mwili, akageuza kidogo upande wa kukaza kabla ya kulegeza. Skrubu hulia kidogo hapo, kutu inakatika, kisha inakuja yenyewe. Hakuna hata moja iliyoharibika kichwa. Akatoa hendeli mbili, akavuta chuma cha mraba kinachoziunganisha, akapitisha bisibisi kwenye tundu hilohilo na kukivuta kitasa taratibu kutoka ndani ya mlango, bila kukichokoa pembeni kwa patasi. Vanishi ya pembeni haikubanduka.

Alikilaza juu ya gazeti, akafungua kifuniko huku kidole gumba kikizizuia springi zisiruke. Ndani kulikuwa na leva mbili: vibati vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikisukumwa chini na springi yake. Kila leva imekatwa nafasi katikati. Ulimi una kijiti kifupi kinachotakiwa kupita kwenye nafasi hizo zote kwa pamoja, nacho hakipiti mpaka meno ya ufunguo yainue kila leva kwa kimo chake hasa. Ikiinuliwa pungufu, kijiti kinagonga; ikizidi, kinagonga vilevile. Wazo hilo la kuzuia juu na chini lilipewa hataza Uingereza mwaka 1778, la Robert Barron wa London, na ndilo lililokuwa limelala kwenye gazeti lile Kigamboni, limechoka. Kijiti kilikuwa kimelika upande mmoja. Chini ya boksi la kitasa kulikuwa na tope jeusi, zito. Mwalimu alisema kila ufunguo ulipogoma alikuwa anatia matone ya mafuta ya cherehani. Mafuta yalikaribisha vumbi, vumbi na chumvi vikasaga chuma.

Kisha vipimo. Hapa nilimwona akienda polepole kuliko mahali pengine popote. Kwa rula ya chuma alipima kutoka uso wa kitasa, yaani kile kibati kinachoonekana ukingoni mwa mlango, mpaka katikati ya tundu la ufunguo: milimita 45. Kutoka katikati ya tundu la hendeli mpaka katikati ya tundu la ufunguo: 57. Kina cha boksi zima: 64. Unene wa mlango: 45. Akaandika vyote kwa penseli nyuma ya kibati cha zamani, kwa sababu karatasi hupotea. Namba mbili za kwanza ndizo zinazoamua kama mlango utabaki mzima. Kitasa kipya kikiwa na milimita 45 na 57, hendeli na ufunguo vitaangukia kwenye matundu yaleyale. Ukinunua boksi refu la milimita 76, ambalo kwa kawaida tundu lake la ufunguo liko milimita 57 kutoka ukingoni, utatoboa mlango upya na kuziba matundu ya zamani kwa viraka vitakavyoonekana daima.

Tulivuka kwenda Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi upande wa Gerezani. Kijana wa duka alimwamkia, "Shikamoo mzee wangu," na bila kuulizwa akashusha maboksi matatu mezani. Mzee alikuwa ameshika kitasa cha zamani mkono mmoja. Mkono mwingine ulitoa mfukoni sumaku ya duara, ya spika iliyokufa.

Sumaku ile ni hakimu mkali. Kitasa cha kwanza kilikuwa na uso wa manjano unaong'aa, na kwenye boksi kimeandikwa ni shaba. Sumaku ikakamata palepale. Maana yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya shaba; Kigamboni kingeanza kutoa machozi ya kutu kabla hakijazoeleka mkononi. Cha pili sumaku haikushika. Mimi ningekinunua. Yeye akageuza kibati cha fremu, akakikwaruza upande wa ndani kwa pembe ya tupa, akanionyesha: chini ya ngozi ya manjano kulikuwa na weupe wa kijivu. Hiyo ni zinki, ambayo sumaku haiishiki lakini ni laini na huvunjika badala ya kupinda. Shaba halisi ukiikwaruza inabaki ya manjano mpaka ndani. Kwa vitasa vyeupe mtihani ni tofauti kidogo: chuma cha pua kinachostahimili pwani, hasa daraja la 316 lenye molibdeni, sumaku haikishiki au inakishika kwa uvivu. Ikikamata kwa nguvu kwenye hendeli nyeupe, aliweka hendeli hiyo pembeni bila maneno.

Baada ya sumaku, masikio. Alizungusha ufunguo hadi ulimi ukatoka wote, akausukuma kurudi ndani kwa kidole gumba, kwa nguvu kabisa. Ulimi mzuri haujongei. Mmoja ulicheza kidogo, ukatoa sauti ya bati. Akapima urefu wa ulimi uliotoka: kiwango cha Uingereza cha vitasa vya milango ya nje, BS 3621, kinataka usipungue milimita 20, naye hakubali chini ya hapo, ingawa hakuna anayemlazimisha. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mnunuzi mwingine akilifanya. Aliomba vitasa vingine vya aina ile ya kwanza, ile ya bei rahisi ya leva mbili, akavipanga mezani, akatoa ufunguo wa kimoja na kuujaribu kwenye kila kingine. Cha nne kikafunguka.

Kijana wa duka akacheka kwa aibu. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu. Tuseme kila leva inaweza kukatwa kwa vimo vitano tofauti. Leva mbili zinatoa funguo 25 tu. Leva tano zinatoa 3,125, japo kiwandani si zote zinazotumika. Kiwango kile cha BS 3621 kinadai tofauti zisizopungua 1,000. Kwa hiyo unaponunua kitasa cha leva mbili kwenye duka lenye shehena nzima ya aina moja, inawezekana kabisa kwamba jirani yako ana ufunguo wa nyumba yako na hamjui wote wawili. Kwa chumba cha ndani haidhuru. Kwa mlango wa mbele, mimi sasa naona ni mzaha.

Vitasa vya silinda alivizingatia pia, tena kwa heshima. Hivi vinatumia pini ndogo zinazoinuliwa na ufunguo mpaka zipangike kwenye mstari mmoja, ufundi ambao Linus Yale mdogo wa Marekani aliupa umbo lake la sasa kwenye miaka ya 1860, ingawa kufuli za mbao za Misri ya kale zilikuwa na pini zinazofanya kazi kwa msingi huohuo. Faida yake ni kubwa: ufunguo ukipotea, unafungua skrubu moja, unabadilisha silinda, boksi linabaki. Udhaifu wake uko katikati, pale skrubu hiyo inapopita, ambapo chuma ni chembamba. Silinda ikichomoza nje ya kibati cha hendeli, mwizi ana mahali pa kushika na koleo, na inakatika hapohapo. Ndiyo maana silinda hupimwa pamoja na unene wa vibati vya hendeli, isichomoze zaidi ya milimita 3. Vitasa vya alama ya kidole vimejaa madukani siku hizi. Vingi vina tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa chini ya kifuniko, naye akivishika huanza na tundu hilo, kwa sababu nguvu ya kitasa chote haizidi nguvu yake.

Aliishia kwenye kitasa cha leva tano, uso na ulimi wa shaba, kilichopatikana duka la tatu. Hoja yake dhidi ya silinda ilikuwa bahari: pini ndogo na springi zake nyembamba, alisema, hushikwa na chumvi mapema kuliko leva. Alipofungua kifuniko alinionyesha ncha za leva zilizochongwa vijino vidogo. Ukichokoa kwa waya, kijiti cha ulimi kinanasa kwenye kijino na unadhani umefika, kumbe hujafika. Bei aliiuliza mwisho kabisa, na aliipigania kwa bidii ileile aliyopima nayo ulimi.

Kurudi mlangoni. Boksi jipya lilikuwa na kina kilekile na matundu yaleyale, lakini refu zaidi kwenda chini na nene kwa milimita chache. Shimo la zamani lilibidi lipanuliwe. Kwanza aliangalia patasi. Alikuwa nazo tatu tu, na kabla ya kugusa mlango alizinoa kwenye jiwe, akazijaribu kwenye kipande cha mninga, upande wa kichwa cha mbao ambako nyuzi zimekatwa. Patasi butu huko huponda na kuacha unga. Yake ilitoa ngozi nyembamba iliyojikunja, na mbao ikabaki inang'aa. Akaridhika.

Alichora mstari wa katikati ya unene wa mlango, si kwa kukisia, bali kwa kupima kutoka pande zote mbili na kugawa tofauti. Penseli ilikuwa imechongwa bapa. Kwa kisu akakata juu ya mstari wa penseli, kina kidogo tu, ili nyuzi zisipasuke kuvuka mpaka. Kisha akatoboa matundu yaliyopangana kwa drili, akiwa amefunga utepe kwenye kekee kuonyesha kina, na kila tundu akisimama kuangalia kama drili imelala upande. Shimo likienda mshazari ndani ya mlango, kitasa kinakaa mshazari, na ufunguo utasugua maisha yake yote.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya patasi na nyundo ya mbao. Sikuharakisha kuangalia, na yeye hakuharakisha kufanya. Alikata kuta za shimo kwa mapigo mepesi, bapa la patasi likielekea ukutani, akitoa vipande kidogo kidogo na kuvipuliza nje. Kila baada ya muda aliingiza kitasa, kikaishia mahali, akakitoa, akaangalia mbao inang'aa wapi, akakata hapo tu. Hakukigonga kitasa hata mara moja. Boksi likigongwa linapinda kidogo, leva zinabanwa, na kitasa kipya kinazaliwa kikiwa na ugonjwa. Kilipoingia mara ya mwisho kiliteleza kwa uzito wa kidole, kikakaa bila kucheza. Uso wake ulihitaji kuzama unene wa bati. Alichora pembezoni mwake kwa kisu, akaukalisha mpaka ukalingana na mbao. Ukipitisha ukucha hapo huhisi mpaka.

Skrubu za kitasa zilikuwa za shaba, na mninga hauna huruma na shaba. Alitoboa matundu membamba kwanza, akaingiza skrubu za chuma za ukubwa uleule zikachonge njia, akazitoa, akasugua zile za shaba kwenye kipande cha sabuni, ndipo akazitia kwa mkono. Hakutumia drili hapo. Mifereji ya vichwa vyote aliiacha imesimama wima, mstari mmoja.

Alijaribu ufunguo mlango ukiwa wazi. Hili ni jambo dogo lenye maana kubwa: kitasa kipya kikigoma mlango ukiwa umefungwa, utavunja ulichokijenga. Kilifunga na kufungua, ndani na nje, kwa funguo zote zilizokuja nacho.

Ikabaki fremu. Aliomba chaki, na nyumba ya mwalimu haikosi chaki. Akapaka ncha ya ulimi, akafunga mlango, akauzungusha ufunguo mpaka ulimi ukagusa mbao, akafungua. Alama nyeupe ilikuwa imekaa kwenye fremu, pembeni kidogo ya shimo la zamani. Akaziba sehemu isiyotakiwa kwa kipande cha mninga na gundi, akachimba upya, na akachimba ndani zaidi kuliko ilivyokuwa. Shimo la kwanza halikuwa na kina. Ulimi wa zamani ulikuwa hautoki wote, na kwa miaka yote hiyo mlango ulikuwa ukifungwa nusu. Kibati cha fremu kilikuja na skrubu fupi. Aliziweka kwenye bahasha akampa mwalimu, akatia zake za milimita 75 zilizopita fremu zikashika ndani kabisa. Mlango ukipigwa teke, kitasa chenyewe mara nyingi husimama. Kinachopasuka ni mbao inayokishikilia kibati cha fremu.

Badala ya mafuta, alisaga risasi ya penseli, akaipaka kwenye meno ya ufunguo, akauingiza na kuutoa mara kadhaa. Akamwambia mwalimu afanye hivyo hivyo ufunguo ukianza kukwaruza, na mafuta ya cherehani yarudi kwenye cherehani. Kisha akafagia takataka zake za mbao, akamkabidhi kitasa cha zamani pamoja na ufunguo wake, akapanga patasi kwenye kitambaa.

Ukitaka kubadilisha kitasa cha mlango wako wa mbele, usinunue kwanza ukamwita fundi baadaye. Mwite apime mlango na fremu, mwende naye dukani na kitasa cha zamani mkononi, na umwache achague. Nauli yake ni ndogo kuliko bei ya kitasa utakachokitupa.